Bangili ya mama na soksi za shemeji

Shemeji yangu anaendesha bodaboda. Ramadhani iliyopita alikuja kufuturu kwetu na soksi mpya, na hakutaka zipite kimyakimya. Alivua viatu mlangoni, akakaa mkekani, akanyoosha mguu na kuniambia, "Shem, hebu nusa." Nikamjibu kwamba nimeshinda na saumu tangu alfajiri, futari yangu haitaanza na mguu wa mtu. Akacheka. Alizinunua Kariakoo, na muuzaji kamwapia kwamba zimetiwa fedha ndani ya uzi, hazinuki hata azivae wiki nzima. "Si ndiyo mambo yenu hayo ya nano?"

Mama mkwe alikuwa anapanga kaimati kwenye sahani. Akasita na kijiko mkononi. "Fedha gani tena ya kutia kwenye soksi, na hali yenyewe ndiyo hii?"

Hapo Kiswahili kinatuchezea. Fedha ya mfukoni na fedha ya sonara ni neno moja, kwa hiyo kila ninapoeleza kazi niliyosomea lazima kwanza niwatoe watu benki. Ninayoisema hapa ni fedha madini, ile ya pete na bangili. Kazi yangu ya kila siku ni kuhesabu bakteria kwenye maji ya watu, na shahada yangu ya pili niliimaliza kwa kuwachanganya bakteria hao na vipande vya fedha vidogo kupita kiasi. Siku ile nilimjibu shemeji kwa mkato kwa sababu uji ulikuwa unapoa. Leo nina nafasi.

Nianze na ukubwa, maana wengi wakisikia "nano" wanadhani ni aina ya simu. Chukua milimita moja, igawe mara 1,000,000: kipande kimoja hapo ndiyo nanomita. Chembe tunaiita ya nano ikiwa kati ya nanomita 1 na 100. Zile nilizokuwa nikizipika mimi zilikuwa za nanomita 20 hivi. Bakteria wa tumboni, Escherichia coli, ana urefu wa nanomita kama 2,000. Kwa hiyo bakteria akiwa Coaster ya Mbagala, ile iliyojaza mpaka mlango haufungi, chembe ya fedha ni chungwa dogo. Bakteria hana mdomo wala hamezi vitu kama zinavyomeza baadhi ya chembe hai za miili yetu. Chungwa haliingii ndani ya Coaster hivihivi. Linagonga ubavu, au linanata kwenye bodi. Sasa inakuwaje limuue dereva?

Swali hili liligharimu miezi ya maisha yangu.

Kupika chembe zenyewe ni raha. Unachukua nitrati ya fedha, ambayo ikikudondokea kidoleni leo, kesho unaamka na doa jeusi lisilosikia sabuni ya mche. Unaiyeyusha kwenye maji safi kabisa, unaweka na sitrati ya kuzikinga chembe zisishikane, kisha unadondoshea borohaidraidi, kemikali ya kuitoa fedha kwenye myeyuko, ikiwa baridi ya barafu, tone baada ya tone. Mbele ya macho yako maji yanageuka manjano. Hakuna rangi iliyotiwa humo. Ni fedha yenyewe: ikiwa ndogo kiasi hicho inakamata mwanga wa zambarau na samawati, na macho yetu yanapata manjano. Mara ya kwanza niliita watu waje kuona. Mlinzi akasema yanafanana na mkojo wa mtu aliyesafiri kutwa bila kunywa maji, na hakukosea.

Manjano hayo ndiyo yaliyokuwa kengele yangu. Chembe zikishikana na kuwa mabonge, rangi inapauka na maji yanakuwa ya kijivu, kama ya kusuuzia sufuria yenye masizi. Nilijifundisha kwamba manjano maana yake chembe ziko sawa, kijivu maana yake zimeharibika. Kanuni nzuri, fupi, na ilikuja kunitia aibu.

Jaribio langu la kwanza nilitumia maji yaliyotoneshwa, yale ya betri. Nikatia bakteria, nikatia fedha, nikaacha usiku kucha, asubuhi nikapaka matone kwenye sahani za agari, ile jeli ya kuoteshea bakteria, na kuzifungia inkubeta, kabati la kuwaweka kwenye joto. Siku iliyofuata nilifungua mlango wa inkubeta kwa woga kama mtu anayefungua bahasha ya matokeo ya mtihani. Sahani zisizo na fedha zilikuwa zimejaa vidoa vyeupe. Zenye fedha zilikuwa tupu, agari inang'aa kama jana yake. Nilimpigia mamaangu simu Chwaka, Unguja, nikamwambia nimemaliza kazi. Akaniuliza kama nimekula.

Mwalimu wangu aliangalia zile sahani, akaangalia chupa ya maji, akaniuliza, "Nani Dar es Salaam anakunywa maji ya betri? Nenda kalete maji ya watu."

Nikaleta madumu mawili. Moja la kisima cha Kigamboni, maji ya chumvi yale ambayo ukipikia chai maziwa yanakatika na kila mtu anajua umekosa ya bomba. La pili nililichota Mto Msimbazi, pale Jangwani. Watoto walisimama juu ya ukingo kunitazama, mmoja akanionya, "Dada, hayo yanaua." Nilimwambia ndiyo maana nayataka. Nilipofika maabara niliyachuja yote kwenye kichujio chenye matundu ya mikroni 0.2, yaani nanomita 200, bakteria wao wenyewe wabaki juu, nikatia bakteria wangu na fedha yangu.

Ya kisima hayakunipa hata muda wa kuweka pipeti chini. Manjano yaligeuka kijivu palepale. Kesho yake sahani zilijaa. Hilo nililielewa upesi: chembe zinakaa mbalimbali kwa sababu kila moja imevaa chaji hasi, zinasukumana kama watu wasiosalimiana. Chumvi ikijaa ndani ya maji inaziba ule msukumano, chembe zinagongana, zinagandana, zinazama. Na kloridi ya ile chumvi inanyakua fedha iliyoyeyuka na kuifanya unga mweupe usioyeyuka. Sawa. Kijivu, zimeharibika, bakteria wamepona. Kanuni yangu ilikuwa bado imesimama.

Ya Msimbazi yalibaki manjano. Nilichukua na kipimo cha mwanga kwenye mashine: chembe zimetulia, hazijagandana, ziko vizuri kuliko hata zilivyokuwa kwenye maji ya betri. Nikaenda kulala na matumaini yangu. Kesho yake nikafungua inkubeta, nikakuta bakteria wamejazana kwenye sahani hadi havihesabiki vidoa.

Nikasema nimekosea vipimo. Nikarudia, yakawa yaleyale. Nikasema basi nitrati ya fedha iliyonunuliwa ni ya kuchakachua, nikamwandikia muuzaji barua pepe ndefu ambayo mpaka leo sipendi kuikumbuka. Nikafungua chupa nyingine, ya kampuni nyingine kabisa, nikapika upya, nikarudi Msimbazi. Vilevile. Nilikuwa na chembe nzima, nzuri, za kupigia picha, na bakteria wanaogelea katikati yake kama watoto wa Forodhani.

Mwalimu alinisikiliza mpaka mwisho bila kuinua kichwa. Akaniambia nikasome habari za salfa, akaendelea kusahihisha mitihani.

Sasa nirudi kwenye chungwa na Coaster. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Rice, Houston, chini ya Pedro Alvarez, walifanya jambo ambalo ukilisikia unajiuliza kwa nini halikufanywa mapema. Waliwaweka bakteria na chembe za nano za fedha mahali pasipo na oksijeni kabisa. Bakteria hawakufa. Wakaongeza fedha, hawakufa. Walifika zaidi ya mara 7,000 ya kiwango cha fedha iliyoyeyuka kinachotosha kuua, na bakteria wakaendelea na shughuli zao.

Maana yake ni kwamba chungwa si jiwe la kuvunjia kioo. Chungwa linavuja. Oksijeni iliyomo ndani ya maji inaila ile chembe kwa juu, kidogo kidogo, na fedha inatoka ikiwa ayoni, yaani atomu mojamoja iliyopoteza elektroni. Ayoni hizo ndizo zinazopenya ndani. Ndani ya bakteria kuna protini, na baadhi ya protini hizo zina salfa, hasa zile zinazoendesha upumuaji wake. Fedha na salfa ukizikutanisha, kuzitenganisha tena ni kazi. Ayoni inang'ang'ania ile salfa, protini inajikunja vibaya, upumuaji unakwama, ukuta unaanza kuvuja, na hadithi ya bakteria imeishia hapo.

Lakini salfa haiko ndani ya bakteria peke yake. Maji ya Msimbazi yamejaa mabaki: majani yaliyooza, vinyesi, maji ya viwandani na majumbani, protini zilizomeng'enywa nusunusu. Mabaki hayo yalizivisha chembe zangu kanzu. Ile kanzu ndiyo iliyozizuia zisigandane, ndiyo maana manjano yakabaki na mimi nikadanganyika. Na hiyohiyo kanzu, pamoja na salfa iliyotawanyika kwenye maji yale, ilikuwa inadaka ayoni kabla hazijafika kwa bakteria. Nilikuwa nachunga rangi ya chungwa, na kumbe maji yake yanakingwa na wengine njiani.

Nilipoisoma habari hiyo niliweka karatasi chini, nikacheka peke yangu, kwa sababu jibu nililijua tangu nikiwa na miaka minane. Nililiona kwenye mkono wa mamaangu.

Chwaka maji yakitoka, wanawake wanaingia mikokoni kuokota tondo. Nilikuwa nikimfuata mama. Tope la mikoko juu ni la kawaida, la rangi ya udongo, ukizamisha mkono nusu kiganja linakuwa jeusi tii na linatoa harufu ya yai viza. Mama alikuwa na bangili ya fedha ya bibi yake, nyembamba, iliyosokotwa kama ukili, na siku moja alisahau kuivua. Alishinda nayo matopeni asubuhi nzima. Alipoinawa kisimani ilikuwa imepiga weusi wa kibuluu, kama shingo ya njiwa. Nilidhani imeungua. Mama aliigeuzageuza kwenye jua, akasema, "Tope lina kijicho, mwanangu. Halipendi kuona kitu kinang'aa."

Wenye kijicho ni bakteria. Sisi tunapumua oksijeni. Humo topeni oksijeni haifiki, na wanaoishi humo wana njia yao. Wanapumulia salfeti, yaani salfa iliyoshikana na oksijeni, ambayo maji ya bahari yanayo tele, karibu gramu 2.7 kwa kila lita, na wanachotoa nje ni ile gesi ya yai viza. Gesi hiyo ikikutana na fedha inatoka sulfidi ya fedha: nyeusi, ngumu, isiyoyeyuka karibu kabisa. Pete inayofifia kidoleni ni hivyohivyo. Mashangazi zangu wanasema pete ikiwa nyeusi mwenye nayo karogwa. Mimi siku hizi nawauliza tu kama alikuwa anamenya mayai.

Turudi kwenye soksi. Huko Arizona, mwaka 2008, Paul Westerhoff na mwanafunzi wake Troy Benn walinunua soksi za dukani zilizotiwa fedha, wakaziosha tena na tena na kupima maji ya kuoshea. Baadhi ya soksi zilimaliza karibu fedha yote ndani ya mafuo machache. Nyingine ziliishikilia vizuri, ilitegemea kiwanda kiliitiaje. Kwa hiyo fedha ya soksi haikai mguuni milele, inakwenda kwenye majitaka.

Na huko inakutana na jamaa wa wale bakteria wa Chwaka. Watafiti wa Eawag, taasisi ya maji ya Uswisi, walijenga mtambo mdogo wa kusafishia majitaka wakauingizia chembe za nano za fedha, wakachapisha matokeo mwaka 2011. Ndani ya tangi lisilopulizwa hewa, chembe zile ziligeuka sulfidi katika muda usiofika saa 2. Bangili ya mama ilichukua asubuhi nzima, lakini kumbuka chembe ya nano karibu yote ni uso. Hakuna ndani ya kujifichia.

Kwetu Dar nyumba nyingi hazijaungwa na mabomba ya majitaka. Maji ya kufulia yanamwagwa uani au yanakwenda shimoni, shimo likijaa linaitwa gari la kunyonya, na mzigo unapelekwa mabwawani, kama yale ya Vingunguti. Shimo la choo ni giza, halina hewa, salfa imejaa. Kwa fedha ya soksi hakuna mtego mkubwa kuliko huo. Nilipomweleza shemeji kwamba soksi zake zitakwenda kugeuka weusi chooni alinitazama kama niliyemtukania mzazi.

Hapo usidhani mambo yamekwisha na kila kitu kimefungiwa salama. Huko Chuo Kikuu cha Duke, North Carolina, walitengeneza vidimbwi vya mfano, na mimea yake, tope lake na viumbe vyake, wakatia chembe za nano za fedha na kungoja miezi 18. Sehemu kubwa ya fedha waliikuta kwenye udongo na tope, na nyingi ilishageuka sulfidi. Lakini mimea ilikuwa imechukua kiasi, na samaki wadogo wanaokula viluwiluwi vya mbu walikutwa nayo mwilini. Tope linashika sana, halishiki yote.

Na bakteria wenyewe hawakai wakingoja kuokolewa na ndugu zao wa topeni. Ingiza kidole ndani ya dumu la maji lililokaa bila kusuguliwa. Ule utelezi unaoupata ni mji wao. Wameshikana ukutani na kujifunika ute waliotengeneza wenyewe, na ute huo umetengenezwa kwa sukari ndefu na protini, unavutika kama mlenda. Chembe ya nano ikifika inanata kwenye mlenda wa juu. Wa juu wanakufa, wa chini hata habari hawana. Ndiyo maana mtu akiniambia kaweka dawa kwenye dumu lenye utelezi nauliza kwanza kama amelisugua. Mchanga na makumbi, kisha dawa.

Kuna ujanja mwingine ambao niliupenda mno. Mwaka 2018 watafiti wa Olomouc, Jamhuri ya Czech, walieleza walichokiona baada ya kuwalea E. coli kizazi baada ya kizazi kwenye fedha kidogo isiyoua. Bakteria hao walizoea. Hawakubadilisha jeni zao. Walianza kumwaga kwa wingi flajelini, protini ya kutengenezea ile mikia ya kuogelea. Flajelini ikiwa nje inazigandisha chembe za fedha ziwe mabonge, na mabonge hayana makali. Yaani walifanya kwa mkia kile ambacho chumvi ya Kigamboni ilinifanyia mimi. Wale watafiti wakatafuta cha kuzuia flajelini isitengenezwe, wakakipata kwenye ganda la komamanga. Bibi zetu waliotuchemshia ganda la komamanga tukiharisha hawakujua flajelini, wala mimi sidai walikuwa wanatibu kitu hichohicho. Ila niliposoma lile neno, komamanga, katikati ya kurasa za michoro na takwimu, nilihisi kama nimeitwa jina langu la nyumbani ugenini.

Kinachonikosesha usingizi ni usugu wa namna nyingine, ule unaoandikwa kwenye jeni. Katika miaka ya 1970, wodi moja ya wagonjwa wa moto mjini Boston ilikuwa ikiwatibu kwa nitrati ya fedha. Wakatokea bakteria wa Salmonella wasioisikia. Jeni zao zilichambuliwa baadaye, 1999, na kundi la mwanabiolojia ambaye jina lake, niamini, ni Simon Silver, yaani Bwana Fedha. Zilikuwa zimekaa kwenye plasmidi, kipande cha urithi ambacho bakteria mmoja anaweza kumpa mwenziwe kama mtu anavyomrushia mwenziwe faili kwa simu. Zinatengeneza protini ya kukamata ayoni za fedha na pampu za kuzitoa nje. Na plasmidi ileile ilikuwa na usugu wa ampisilini na wa tetrasaiklini. Ukimpa bakteria sababu ya kuitunza plasmidi kwa ajili ya fedha, anaitunza na hayo mengine.

Ndiyo ugomvi wangu na soksi. Fedha ni dawa ya maana. Krimu nyeupe inayopakwa mtoto aliyemwagikiwa uji wa moto ina fedha ndani yake. Tukiitapanya kwenye soksi, kwenye vibao vya kukatia nyama, kwenye mashuka, kiasi kidogo kidogo kila mahali kisichoua lakini kinachofundisha, siku ya kuihitaji wodini tutaikuta haina kazi. Nanusa mguu wa shemeji mara mia kuliko hilo.

Chujio la maji lililotiwa fedha ni jambo lingine, na wasomaji wawili walishaniuliza. Yale ya chungu cha udongo yana historia ndefu: Fernando Mazariegos aliyabuni Guatemala mwaka 1981, na Ron Rivera na wenzake wa shirika la wafinyanzi, Potters for Peace, wakayaeneza kuanzia Nikaragua. Udongo unachanganywa na unga wa mbao au makapi ya mpunga, ukichomwa makapi yanaungua na kuacha vitundu. Vitundu ndivyo vinavyozuia bakteria wengi. Fedha inayopakwa inawakamata wanaojipenyeza na kuzuia utelezi usiote ukutani mwa chungu. Hapa fedha iko mahali inapofaa: maji yanapita polepole, lita 1 hadi 3 kwa saa, na ayoni zinatoka chache. Shirika la Afya Duniani linasema miligramu 0.1 kwa lita inavumilika bila kudhuru afya. Arusha tunaye Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela, aliyechukua tuzo ya kwanza ya uhandisi ya Africa Prize mwaka 2015 kwa chujio lake la mchanga na nano. Lake linaweza kupangwa kulingana na uchafu wa mahali, floridi kwa mfano, na waliokulia Meru wanajua floridi ni nini kwa kutazama meno tu. Sharti ni moja tu: maji yakiwa machafu kama yale ya Jangwani, yatuamishe kwanza, usiyamimine moja kwa moja.

Nilikuwa nataka niwaeleze pia bakteria wanaotengeneza fedha ya nano wenyewe, bila borohaidraidi wala shahada. Pseudomonas stutzeri mmoja aliyetolewa kwenye mgodi wa fedha, watafiti wa Uppsala, Uswidi, walionyesha mwaka 1999 kwamba anairundika fedha ndani ya mwili wake kama fuwele, kubwa kufikia nanomita 200, zenye pembetatu na pembesita safi. Sumu imegeuzwa mapambo na kuwekwa kando. Wako na wa dhahabu. Kaka yangu anayeosha mchanga Geita aliposikia hilo alitaka nimtumie chupa. Nitaliandikia siku yake.

Mama alifariki miaka minne iliyopita, na bangili ikanijia mimi. Ilikuwa nyeusi tena, safari hii kwa kukaa tu ndani ya sanduku. Yeye alikuwa akiisugua kwa jivu na ndimu, na kila akisugua ile sokota inalika kidogo, maana jivu linaondoa weusi pamoja na fedha yake. Wiki iliyopita nilitandika karatasi ya aluminiamu ndani ya bakuli, nikaweka bangili juu yake igusane nayo, nikamwagia maji yaliyochemka, kijiko cha magadi soda na chumvi kidogo. Aluminiamu inaipokonya fedha ile salfa. Fedha inabaki pale ilipo, na salfa inatoka.

Nilikuwa jikoni peke yangu, mvuke unanipiga usoni, weusi unaondoka mkunjo mmoja mmoja. Kisha ikaja harufu, hafifu, ya yai viza. Nikasimama pale na bakuli mpaka maji yakapoa.

Soksi za shemeji zimeshafuliwa mara nyingi tangu Ramadhani. Alikuja Jumapili. Sikuambiwa ninuse, na viatu aliviacha nje.